Tanganyika Wanayoidai Ni ya Nani?

Kwa muda sasa yamekuwa yakisikika maneno katika vyumba vya walimu na katika ofisi za Serikali, kuanzia Ilula hadi Tukuyu, kwamba Wazanzibari wanayo serikali yao, katiba yao na bendera yao, na kwamba sisi wa Bara tumenyang'anywa Tanganyika yetu; kwa hiyo tudai irudishwe. Wasemao hivyo si wote wenye nia mbaya. Wengi ni watumishi waaminifu, na baadhi yao tuliketi nao katika madarasa yale yale. Hawastahili kujibiwa kwa matusi, wala kwa kaulimbiu za mkutano wa hadhara. Wanastahili kujibiwa kwa hoja.

Kwanza tukubali kwamba dai hili halikuletwa na maadui kutoka nje. Aliyeongoza kundi la wabunge 55 waliodai Serikali ya Tanganyika bungeni, Agosti 1993, alikuwa Ndugu Njelu Kasaka, mbunge wa Lupa, Mbeya, na mwana-CCM. Nao walikuwa na sababu. Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, ilhali mambo ya nje ni mambo ya Muungano. Mwaka huo huo Zanzibar ikajitoa. Mwalimu Nyerere akaipinga hoja ya Tanganyika kwa kauli na kwa kitabu, na mwaka 1994 azimio hilo likaachwa. Tena, majaji watatu walioongoza tume na kamati za katiba, yaani Nyalali, Kisanga na Warioba, kila mmoja kwa wakati wake aliletea taifa pendekezo la serikali tatu. Hoja iliyopita mikononi mwa watu wa heshima namna hiyo haifi kwa kupuuzwa.

Lakini kupendekezwa mara tatu si kuthibitika mara tatu. Tufanye hesabu.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Jamhuri ya Muungano. Kati yao, watu 1,889,773 ndio waliokuwa Zanzibar. Maana yake ni kwamba Serikali ya Tanganyika ingekuwa na watu 97 katika kila watu 100, pamoja na mashamba yao, madini yao na sehemu kubwa ya kodi zao. Rasimu ya Katiba ya mwaka 2013 ilipunguza mambo ya Muungano kutoka 22 hadi 7, na Serikali ya Muungano ikapewa ushuru wa bidhaa kuwa tegemeo lake kubwa. Hebu tutazame picha hiyo. Juu kabisa angeketi Rais wa Muungano mwenye jeshi la kulisha na mabalozi wa kulipa. Chini yake angeketi Rais wa Tanganyika mwenye karibu watu wote na karibu mali yote. Siku wakitofautiana, nani angemtii nani?

Jibu tunalo katika historia. Tarehe 12 Juni 1990 Urusi, iliyokuwa jamhuri kubwa kuliko zote ndani ya Muungano wa Kisovieti, ilijitangazia mamlaka yake yenyewe. Kufika Desemba 1991 Muungano ule haukuwapo tena. Shirikisho ambalo mwanachama wake mmoja ni karibu sawa na shirikisho zima haliwezi kusimama kwa muda mrefu. Anayedai serikali tatu na papo hapo akasema anaupenda Muungano hana budi kutueleza jambo hili kabla ya kutueleza lolote jingine.

Wako wanaotutaka tutazame Uskoti. Vema, na tuitazame. Tarehe 18 Septemba 2014 Waskoti waliulizwa kama wanataka nchi yao iwe huru. Asilimia 55 wakakataa, asilimia 45 wakakubali. Walibishana kwa miaka miwili juu ya sarafu watakayotumia, mafuta ya Bahari ya Kaskazini, deni la taifa na pensheni za wazee. Wakati huo huo hapa kwetu, Bunge Maalum la Katiba mjini Dodoma lilikuwa limekwisha kupoteza majuma likibishania kura iwe ya wazi au ya siri. Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa tarehe 2 Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa.

Na liko jambo jingine ambalo mashabiki wa mfano huo hawalisemi. England, iliyo kubwa kuliko wenzake wote katika ufalme ule, haina bunge lake wala serikali yake ya pekee. Tangu mwaka 1977 mbunge mmoja wa Uskoti, Tam Dalyell, aliuliza kwa nini wabunge wa Uskoti wapige kura katika mambo ya England ilhali wale wa England hawatapiga katika mambo ya Uskoti. Ni swali lile lile linaloulizwa Iringa leo juu ya wabunge wa Zanzibar wanapojadili kilimo na afya za Bara. Mwaka 2015 Waingereza waliweka kanuni ya kuwapa wabunge wa England sauti ya pekee. Mwaka 2021 wakaifuta. Kero ile ipo hadi leo. Hata hivyo, waliona ni nafuu kuishi na kero hiyo kuliko kuunda serikali ya England ambayo ingeimeza serikali ya pamoja.

Tuje sasa kwenye jina lenyewe. Mkwawa alipokufa mwaka 1898 hapakuwa na nchi iitwayo Tanganyika. Jina hilo lilitolewa na Waingereza mwaka 1920. Jina la Tanzania ni la mwaka 1964, lakini hilo tulijipa sisi wenyewe. Tena, ikiwa wingi wa watu ndio haki ya kudai serikali, Mkoa wa Mbeya peke yake, hata baada ya Songwe kumegwa mwaka 2016, una watu zaidi ya milioni 2.3, wengi kuliko Zanzibar nzima. Kesho atatokea msomi wa kusema kwamba maji ya Usangu ndiyo yajazayo Ruaha Mkuu, ndiyo yazungushayo mitambo ya Mtera na Kidatu, na ndiyo yawashayo taa hadi Unguja kwa nyaya za chini ya bahari. Basi na sisi tulipwe, au tujitenge. Atajibiwa nini na yule aliyemfundisha kuhesabu hivyo? Mwalimu alipohutubia Mei Mosi ya mwaka 1995 mjini Mbeya alitukanya juu ya ukabila na udini. Mti huo ni mmoja. Matawi yake ni mengi.

Tuliliona tawi hilo mwaka 2023, wakati wa mjadala wa mkataba wa bandari. Wako waliokwenda Mahakama Kuu Mbeya na hoja za sheria, na mahakama ikawajibu kwa sheria. Hao hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni na wale walioacha kuusoma mkataba wakaanza kuuliza kiongozi amezaliwa kisiwa gani.

Hata hivyo, sisi tunaoutetea Muungano tusijifanye hatuna lawama. Mpemba hufungua duka Mbeya akanunua na kiwanja. Mtu wa Mbeya akivuka kwenda Unguja hukuta sheria za ardhi na za ukaazi zisizomtambua sawasawa na Mzanzibari. Ibara ya 133 ya Katiba inataka iwepo Akaunti ya Fedha ya Pamoja, lakini kwa miaka mingi Ibara hiyo imebaki maandishi. Mzanzibari anaamini anapunjwa, mtu wa Bara anaamini ananyonywa, na wote wawili hawajaonyeshwa daftari. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na ufa huu haukutobolewa na wabunge 55. Unapanuliwa kila mwaka na mtendaji anayelikalia jalada kwa kuogopa kwamba hesabu zikiwekwa wazi zitaleta maneno. Maneno tayari yapo. Kinachokosekana ni hesabu.

Uskoti inatufundisha jambo hilo pia. Siku mbili tu kabla ya kura, viongozi wa vyama vitatu vikubwa vya Uingereza ndipo walipotia saini ahadi ya kuwaongezea Waskoti madaraka, ikachapishwa gazetini. Ahadi ya namna hiyo hupokelewa kama hongo, hata ikiwa ya haki.

Basi Hazina na Tume ya Pamoja ya Fedha watuchapishie kila mwaka, kwa Kiswahili cha kueleweka, fedha za Muungano zimekusanywa kiasi gani kila upande na zimetumika kwa kazi gani. Mtumishi anayeuliza swali hilo asiitwe msaliti. Na mwalimu anayefundisha somo la Muungano Iringa au Mbeya asiishie kwenye picha ya kuchanganya udongo. Awafundishe vijana mambo yale 22 ni yapi, na kwa nini yamo. Kijana ajuaye hayo hatatapeliwa kwa bendera ya Tanganyika, wala hatanyamazishwa kwa bendera ya Muungano.