Kufuga si Kufunga

Kati ya kitenzi fuga na kitenzi funga pana tofauti ya herufi moja tu, nayo ni n. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuhitaji kukumbushwa kwamba herufi moja yatosha kugeuza maana nzima ya neno. Hata hivyo, katika maboma mengi ya Kitui na Makueni, herufi hii imepuuzwa na vitenzi hivi viwili vimekuwa kitu kimoja. Afugaye hufunga, na akishafunga hudhani amekwisha kutimiza wajibu wake.

Nilikulia Mbooni, katika boma lenye miembe mitatu na mbwa mmoja. Mbwa huyo aliitwa Simba, kama waitwavyo mbwa wengi nchini. Tangu alfajiri hadi magharibi alifungwa kwa mnyororo kwenye shina la mwembe; usiku alifunguliwa awalinde mbuzi. Chakula chake kilikuwa mabaki ya isyo, yakiwapo. Wakati wa kiangazi, punda waliporejea kutoka mtoni na mitungi ya maji, walikunywa watu, wakafuata ng'ombe na mbuzi, naye Simba akalamba tope lililosalia. Hakuna aliyemchukia. Kosa letu ni kwamba hakuna aliyemfikiria. Siku alipomuuma mtoto wa jirani, alipigwa mawe hadi akafa, na sote tukaafikiana kwamba alikuwa mbwa mbaya. Wazazi wa mtoto yule waliuza mbuzi ili kugharimia sindano. Je, Simba alikuwa mgonjwa, au alikuwa amechoshwa na mnyororo tu? Hapakuwa na wa kutujibu, kwa maana hatukuwahi kumchanja hata mara moja. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mchuma janga hula na wa kwao.

Ikumbukwe kwamba kichaa cha mbwa si hekaya. Nchini Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, na hadi leo ungali unaua. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno mgonjwa kupona. Takriban visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa, na aghalabu wanaoumwa ni watoto. Lakini dawa ya janga hili yajulikana: asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, maambukizi hukatika. Ndiyo maana mwaka wa 2014 serikali ilizindua mkakati wa kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030, na Makueni na Kitui zikawa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuutekeleza. Huo ndio mnyororo tunaopaswa kuushughulikia, wala si ule wa kwenye mwembe.

Najua pingamizi litakalotolewa. Yamkini msomaji atauliza: watu wanaotembea kilomita kadhaa kutafuta maji watayapata wapi ya kumpa mbwa? Swali hili ni la haki, na asiyewahi kuishi na ukame wa Ukambani asilidharau. Jibu langu ni hili: umaskini unatupunguzia idadi ya wanyama tunaoweza kuwafuga, lakini hautuondolei wajibu kwa wale tuliokwisha kuwachukua. Anayeweza kumtunza mbwa mmoja asifuge wanne. Isitoshe, kivuli hakinunuliwi, na kurefusha kamba hakuhitaji pesa. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, haikubagua mbwa wa tajiri na mbwa wa maskini.

Ikiwa tunamkosea hivyo mnyama tuliyemkaribisha nyumbani kwa hiari yetu, je, yule ambaye hakuwahi kuwa wa nyumbani? Tuelekee upande wa Mwingi, kaunti ya Kitui, kwenye majabali ya Nguni na Nuu. Humo huishi kobe wa ajabu, mwenye gamba bapa na jororo kama chapati. Anaposhtuka, hajifichi ndani ya gamba kama kobe wengine, bali hukimbilia ufa wa mwamba akajibana humo. Umbo hilo linalomwokoa na mwewe ndilo lililomponza kwa binadamu. Wapenzi wa wanyama wa kigeni huko Ulaya, Marekani na Asia walimtamani, wakamweka katika masanduku ya vioo, wakamwita kipenzi.

Kumbe mapenzi hayo yalikuwa na gharama kubwa. Kobe huyu hutaga yai moja tu kwa wakati. Anayemtafuta naye hutumia mtaimbo kuupanua mwamba, na ufa ukishabomolewa, hata kobe atakayezaliwa kesho hana pa kukaa. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wake nje ya nchi mwaka wa 1981, na mwaka wa 2019 mkataba wa kimataifa wa CITES ulimpa kiwango cha juu kabisa cha ulinzi. Hata hivyo, tamaa haikukoma. Imebadilisha tu inachokitafuta. Mnamo Mei 2025, mahakama jijini Nairobi iliwatoza wanaume wanne, wakiwemo vijana wawili kutoka Ubelgiji, faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi kumi na miwili. Walikuwa wamenaswa na maelfu ya siafu? La, si siafu, bali chungu wavunao mbegu, waliotiwa katika vijichupa. Hata chungu siku hizi ni kipenzi!

Kwa mtazamo wangu, mambo haya mawili yanapimwa kwa mizani moja. Kufuga ni ahadi. Mbwa na paka wameishi nasi kwa maelfu ya miaka na hawana kwao kwingine. Tunawiwa maji, kivuli, chanjo na subira. Kobe wa Nuu hakuwahi kuingia katika ahadi hiyo. Tunachowiwa naye ni kumwacha alipo. Anayemsifu kobe wa mbali na kumsahau mbwa aliye mlangoni pake amewakosea wote wawili.

Kila tarehe 28 Septemba dunia huadhimisha siku ya kupambana na kichaa cha mbwa. Shime, mwanachama mwenzangu! Ukienda nyumbani likizoni, uliza mbwa wa kwenu alichanjwa lini. Akiwa hajachanjwa, mpeleke. Kisha, kabla hujarejea chuoni, mfungue japo kwa saa chache mchana, umtilie maji katika chombo chake mwenyewe. Hapo ndipo utakapokuwa umefuga.