MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Tulale Mji Gani?

Mwalimu mmoja wa upande wa Muheza ametuletea swali hili: "Wakati wa likizo nataka kumchukua mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzee, tutembee kwa gari la moshi la reli mpya. Je, tulale Dar es Salaam, au Morogoro, au Dodoma?" Swali ni jema, nami nitaanza kulijibu kwa kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2024, reli hiyo ilipoanza kuchukua abiria hata Dodoma, nilishikwa na tamaa ya kuona yote. Tukalala Dar es Salaam siku mbili, Morogoro moja, Dodoma moja. Kila asubuhi ilikuwa kufunga mizigo na kuhesabu watoto; kila jioni kutafuta nyumba ya wageni gizani. Siku ya nne mama mkwe, ambaye goti lamsumbua siku nyingi, alishindwa kuondoka kitandani. Hakunung'unika. Aliniambia tu, "Baba, nimeviona vituo vya reli, miji sikuiona." Neno lile lilinichoma moyo.

Tangu siku hiyo nachagua mji mmoja tu wa kutua, na mingine naiendea asubuhi na kurudi jioni. Katika njia hii nauchagua Morogoro, kwa kuwa uko katikati. Kutoka Dar es Salaam gari hufika kabla ya saa mbili kutimia, na kwenda Dodoma ni muda usiozidi huo sana, maana mwendo wake waweza kufika kilomita 160 kwa saa. (Twaliita gari la moshi kwa mazoea, hili huendeshwa kwa umeme, wala moshi hauna.) Tena ninyi mtokao upande wa Tanga mwaweza kufika Morogoro kwa basi, kwa njia ya Segera na Chalinze, pasipo kuingia katika msongamano wa Dar es Salaam.

Safari ya Dodoma watoto hawataisahau. Upande wa Kilosa reli hupenya milima kwa mahandaki: ghafula giza, ghafula nuru, nao hupiga kelele kila mara. Kisha nchi yageuka kuwa kavu, na mibuyu yasimama katika uwanda wa Wagogo. Mkifika, waonyesheni jengo la Bunge na mashamba ya mizabibu.

Walakini fedha nazo zina neno lake. Reli ilipoanza, nauli ya mtu mzima katika gari la kawaida ilikuwa shilingi 13,000 toka Dar es Salaam hata Morogoro, na 31,000 hata Dodoma. Ulizeni ya leo kabla ya kutoka. Kwa watu sita mfuko hutoboka upesi. Kwa hiyo msitoke kila siku: siku moja Dodoma, siku moja Dar es Salaam, na kati yake pumziko na matunda ya sokoni. Jueni pia kwamba kituo kipya cha Morogoro kiko nje ya mji, upande wa Kihonda, si pale penye kituo cha reli ya zamani. Wekeni akiba ya nauli ya kwenda na kurudi kituoni. Na kabla ya kulipia chumba, ulizeni kwanza saa ya gari la mwisho la kurudi.

Wako watakaosema Dar es Salaam ina mambo mengi zaidi. Ni kweli, na kijana asiye na mtoto mkononi wala mzee ubavuni na akae huko. Aliye na shauri katika ofisi za serikali, au ndugu wa kumkaribisha, na alale Dodoma. Lakini mwalimu wetu ana mama mzee, na joto la pwani halimpi mzee usingizi.

Mama mkwe amekubali kusafiri nasi tena mwezi wa Desemba. Ametoa sharti moja: Dodoma ataiona siku moja tu, na siku zilizobaki ataketi barazani Morogoro, akiitazama milima ya Uluguru, na chai yake karibu.