Mkataba wa nchi nyingi na gunia la Matombo

Mashauriano ya biashara huria baina ya nchi nyingi huzungumzwa kana kwamba ni shughuli ya wajumbe wenye mikoba peke yao. Mkulima wa Matombo, anayeanika karafuu na pilipili manga uani mwake, hutajwa kwa nadra, ijapokuwa mali inayojadiliwa ni yake.

Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika ulitiwa sahihi na nchi 44 mjini Kigali, tarehe 21 Machi, 2018. Bunge la Tanzania liliuridhia mwaka 2021. Nchi hizo ziliafikiana kuondoa ushuru katika asilimia 90 ya aina za bidhaa, na zile zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwemo, zikapewa muda wa miaka 10. Wajumbe walioupigania muda huo wanastahili pongezi, kwani mwenye jembe hawezi kushindanishwa kwa siku moja na mwenye kiwanda.

Lakini ushuru si kizuizi pekee. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, ilhali nchi zote tatu zimo katika Umoja wa Forodha ulioanza mwaka 2005. Ushuru haukuwapo, na malori yalisimama. Zuio lilipolegezwa siku chache baadaye, lilikuja na masharti ya vyeti. Hoja yenyewe haikuwa ya kubezwa: ukungu huota katika mazao yasiyokauka sawasawa, na pilipili iliyoanikwa chini wakati wa mvua za Uluguru haisalimiki.

Msamaha wa ushuru nao una karatasi yake, cheti cha uasili, kinachothibitisha nchi bidhaa ilikotoka. Karatasi hiyo humfuata mwenye shehena. Mkulima anayeuza kwa debe kwa mlanguzi anayepita na gari si mwenye shehena; msamaha uliopatikana kwa miaka ya mashauriano utaishia mfukoni mwa mwingine. Hapa ndipo ushirika wenye mizani yake, vichanja vyake vya kukaushia na daftari la mauzo unapokuwa na kazi kubwa kuliko hotuba, na afisa ugani hana budi kuzijua karatasi hizo kama anavyoyajua magonjwa ya migomba.

Mwalimu wa hesabu naye ana mfano tayari: kilo moja ya pilipili manga, bei yake shambani, bei yake bandarini, na ushuru uliosamehewa. Watoto wakiipeleka hesabu hiyo nyumbani, wazazi watauliza salio limekwenda kwa nani.