Alama Hazisemi Yote



Kila mwisho wa mwaka wa shule tunakusanyika uwanjani kusikiliza matokeo. Mwalimu husoma majina na asilimia. Wa kwanza hupigiwa makofi. Aliyeshindwa huondoka kwa kupitia nyuma ya madarasa. Mimi nimeyasoma majina hayo kwa miaka mingi, na leo nataka kuwaambia jambo ambalo sikulisema nilipokuwa na karatasi mkononi.

Mwaka mmoja nilimtangaza msichana aliyepata asilimia 52, nikasema mbele ya wazazi wake kwamba ni mvivu. Kaka yake, aliyesoma naye darasa moja, alikuwa amepata 68. Baadaye nilikaribishwa kwao jioni moja. Binti alirudi kutoka chemchemini, akawasha moto, akapika, akawaogesha wadogo zake. Kaka alikuwa amekaa karibu na taa pamoja na daftari lake. Niliona aibu. Nilikuwa nimewalinganisha watoto wa mama mmoja kana kwamba walipewa saa zilezile za kusoma.

Mzigo huo haukuanza jana. Wakati wa ukoloni wavulana walitayarishwa kuwa makarani, walimu na mapadre, na wasichana wengi wakafundishwa kushona na kutunza nyumba. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954. Lakini Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza shule ya sekondari, alimaliza mwaka 1961, nchi ikiwa imekwisha kujitawala. Mwaka 1964 alipata shahada yake, na mwaka 1966 akawa waziri. Je, kabla yake hapakuwa na msichana mwenye akili katika nchi nzima? Akili zilikuwapo, ila mlango ulikuwa umefungwa.

Mlango mwingine ni fedha. Katiba ya mwaka 2006 ilisema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Hata hivyo, wazazi waliendelea kubeba ile «prime» ya walimu, iliyowaangukia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpaka Septemba 2019. Sisi walimu tuliishi kwa fedha hiyo, nami niliwatoa darasani watoto wasiolipa. Walikosa somo la siku hiyo, kisha mtihani ukawauliza somo hilohilo. Leo shule ya msingi ni bure, ingawa madarasa mengi yamefurika. Sekondari bado inalipiwa, na fedha ikipungua nyumbani, mara nyingi anayebaki ni binti.

Mlango wa tatu ni kabila. Katika milima ya Kalehe na Kabare wanaishi ndugu zetu Batwa. Mtoto wao akiingia darasani hukuta dharau imemtangulia: anawekwa nyuma, wenzake wanamcheka anaposoma. Mwalimu asiyetazamia jibu kwake hamwulizi swali, naye asiyeulizwa huacha kujaribu, mwishowe tunasema, «Hawa hawapendi shule.» Sheria ya Julai 2022 inalinda haki zao, lakini sheria haiwezi kuketi dawatini pamoja na mtoto. Mkumbuke pia kwamba binti maskini wa Kitwa hukuta milango yote mitatu imefungwa kwa pamoja.

Mtaniambia, «Mwalimu, wapo maskini wanaoongoza darasa.» Ndiyo, wapo, na tuwapongeze. Hao wanatuonyesha kwamba Mungu hakugawa akili kwa kufuata mfuko wa baba. Hawaonyeshi kwamba mzigo ni mwepesi. Kwa kila mmoja aliyefika, tuulize wangapi waliachwa njiani.

Yesu alipoketi mbele ya sanduku la sadaka, aliutazama umaskini ambamo mjane alitoa sarafu zake mbili. Nasi tuzitazame hivyo alama za wenzetu. Sisemi mwalimu amwongezee mtu alama asizozipata, kwa maana huko ni kumdanganya. Nasema tumpunguzie mzigo, ili alama zake ziwe zake kweli.

Hilo laweza kuanzia katika vikundi vyenu. Ukumbi wa parokia una viti, na jioni nyingi hukaa mtupu: mwombeni paroko jioni mbili kwa juma, wa sekondari wawasaidie wa msingi, na mtoto wa Kitwa aketi mbele. Utani wa kabila usipewe nafasi katika kwaya wala mpirani. Nawe kijana wa kiume, juma la mitihani, chukua dumu la maji mkononi mwa dada yako, uende chemchemini wewe.

Yule binti wa asilimia 52 sikumwomba msamaha siku ile. Nilimwomba miaka mitatu baadaye, alipokuwa ameacha shule.