Mbunge na Hesabu ya Dhahabu

Mwezi wa Agosti 2007, Mheshimiwa Zitto Kabwe, mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, alipoinuka bungeni mjini Dodoma, Tanzania, kutaka iundwe kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, ambao waziri wa madini alikuwa ameutia sahihi London, jaza yake ilikuwa kusimamishwa asihudhurie vikao. Nayo adhabu hiyo, ajabu ya mambo, ndiyo iliyomfanya asikizwe hata na wale ambao aghalabu hawajali habari za hazina. Kabla ya mwaka kwisha Rais Kikwete alimtia katika kamati ya Jaji Bomani ya kupitia sekta ya madini, na baadaye Sheria ya Madini ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Twawasihi wabunge wa leo wadai kusomewa mikataba kabla haijatiwa wino.