Kabla ununue amp, nunua waya

Wasee, tuambiane ukweli. Mtu anatoa elfu kumi na tano ya amp, halafu anambembeleza fundi aichomekee kwa waya ya redio iliyokuja na gari, eti tuseve. Hapo hujaseve kitu. Umeficha moto chini ya kapeti.

Hesabu ni rahisi. Amp ikivuta wati 500 kwa betri ya volti 12, hiyo ni zaidi ya ampea 40. Fyuzi ya redio kwa gari nyingi ni ya ampea 10 ama 15. Itakatika tu. Fundi mvivu naye ataiziba na kipande cha waya, twende kazi. Gari ya kazini yangu ilifanyiwa hivyo. Tuko Thika Road, mdundo uko juu, tukaanza kunusa plastiki inaungua. Tulisimama tukachomoa betri mbio.

Maoni yangu: kama doo haitoshi amp na waya, ngoja mwezi ujao. Waya nene ya kopa itoke kwa betri moja kwa moja. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na amp, ndio waya ikichubuka njiani ikatike kabla iwake. Ya graundi, kwaruza rangi mpaka chuma. Spika ndogo za mlango zinaweza kubaki na waya zake, lakini wufa ivutiwe mpya.

Fundi akikuambia fyuzi si lazima, chukua funguo zako uende.