Zambia na wenye hatifungani: Miaka mitatu na nusu ya kubishania deni, bili kalipa mwananchi

Dola milioni 42.5. Hiyo ndiyo riba ambayo Zambia ilishindwa kuilipa Novemba 2020, ikawa nchi ya kwanza Afrika kushindwa kulipa deni la nje tangu janga la Uviko-19 lianze.

Mgogoro uliofuata kati ya serikali na wawekezaji wa kigeni wanaoshikilia hatifungani zake ulikuja kumalizika Juni 2024. Hapo katikati imepita zaidi ya miaka mitatu na nusu, uchaguzi mmoja, na marais wawili.

Wenye hatifungani wamekubali kuachia takriban dola milioni 840 za madai yao. Pia wamesogeza mbele malipo, na serikali ilitarajiwa kupata nafuu ya takriban dola bilioni 2.5 katika kipindi cha programu yake na Shirika la Fedha Duniani, IMF.

Lusaka imepumua. Ila swali moja limebaki: kama pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba Zambia haiwezi kulipa, kwa nini ilichukua muda wote huo? Na wakati wakubwa wanabishana, gharama ya kusubiri ilibebwa na nani?

Deni lilianzaje?

Katikati ya miaka ya 2000, Zambia ilikuwa imefutiwa sehemu kubwa ya madeni yake ya zamani. Bei ya shaba, bidhaa inayoiingizia zaidi ya asilimia 70 ya mapato ya mauzo ya nje, ilikuwa juu. Nchi ikaanza kuonekana mkopaji mzuri.

Septemba 2012 ikaingia soko la kimataifa kwa mara ya kwanza na hatifungani ya dola milioni 750, kwa riba ya asilimia 5.375. Wawekezaji waligombania. Fedha walizotaka kukopesha zilizidi kwa mbali zile zilizoombwa.

Mwaka 2014 ikarudi na kuchukua dola bilioni 1 kwa riba ya asilimia 8.5. Mwaka 2015 ikachukua dola bilioni 1.25 kwa riba ya karibu asilimia 9.

Ukijumlisha, ni dola bilioni 3 ndani ya miaka mitatu. Riba peke yake ilikuwa takriban dola milioni 237 kila mwaka, kabla hata senti moja ya mkopo wenyewe haijarudishwa.

Wakati huohuo serikali ilikuwa inakopa China kwa ajili ya barabara, uwanja wa ndege na mitambo ya umeme. Miradi mingine inaonekana kwa macho hadi leo, kama jengo jipya la uwanja wa ndege wa Kenneth Kaunda na kituo cha umeme cha Kafue Gorge Lower. Lakini mapato hayakukua kwa kasi ya mikopo. Bei ya shaba iliposhuka mwaka 2015, kwacha ikaanguka, na deni la dola likawa zito zaidi.

Siku wawekezaji walipokataa

Uviko-19 ilipofika, hali ilikuwa tayari mbaya. Serikali ya Rais Edgar Lungu iliwaomba wenye hatifungani wakubali kusimamisha malipo ya riba kwa miezi sita, hadi Aprili 2021.

Walikataa.

Sababu yao ilikuwa moja kubwa: hawakujua Zambia inadaiwa kiasi gani na Wachina, wala kwa masharti gani. Waliogopa kwamba wakilegeza wao, fedha itakayobaki serikalini itakwenda kuwalipa wakopeshaji wa China.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Septemba 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walikadiria kuwa deni la Zambia kwa wakopeshaji wa China ni takriban dola bilioni 6.6, karibu mara mbili ya kiasi kilichokuwa kikitajwa rasmi.

Riba ilitakiwa kulipwa katikati ya Oktoba 2020. Siku 30 za nyongeza zikaisha Novemba 13. Zambia haikulipa, na milango ya soko la mitaji ikafungwa.

Kila mdai anamwangalia mwenzake

Kuelewa kwa nini mambo yalikwama, mchukulie mtu anayedaiwa na watatu: kikoba, mwenye duka na jirani. Wote wanajua hana uwezo wa kulipa kila kitu. Kila mmoja yuko tayari kupunguza kidogo, ila hataki kuwa wa kwanza. Akipunguza yeye, fedha hiyo si itamlipa mwenzake?

Zambia ilikuwa na wadai wa aina hiyohiyo, isipokuwa wakubwa zaidi: serikali za nje, China ikiwa mdai mkuu, wenye hatifungani, ambao ni mifuko ya uwekezaji ya Ulaya na Marekani, pamoja na benki za biashara.

Kundi la nchi tajiri na zinazoinukia kiuchumi, G20, lilianzisha utaratibu wa pamoja Novemba 2020, mwezi uleule Zambia iliposhindwa kulipa. Lengo lilikuwa kuwaweka wadai meza moja. Kanuni yake kuu ni kwamba wadai wote watendewe kwa usawa.

Inasikika vizuri. Shida ni kwamba hakukuwa na fomula ambayo pande zote zimeikubali ya kupima huo usawa, wala tarehe ya mwisho ya kumaliza mazungumzo. Anayedaiwa anasubiri, na anayedai hana haraka.

Rais Hakainde Hichilema aliingia madarakani Agosti 2021 akiahidi kulimaliza suala hili. IMF ikaidhinisha programu ya dola bilioni 1.3 Agosti 2022. Serikali zinazoidai Zambia, zikiongozwa na China na Ufaransa, zilikubali kupanga upya deni la dola bilioni 6.3 mwezi Juni 2023. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni za China.

Makubaliano yaliyorudishwa

Wengi walidhani kazi imeisha. Novemba 2023 serikali na wenye hatifungani wakafikia makubaliano. Kisha likaja pigo.

Kamati ya serikali zinazodai ilisema hapana. Kwa hesabu zao, wawekezaji binafsi walikuwa wanatoa nafuu ndogo kuliko wao. Mkopaji na mkopeshaji walikuwa wamekubaliana, lakini mdai wa tatu alikuwa na nguvu ya kuzuia.

Mazungumzo yakaanza upya. Makubaliano mapya yalipatikana Machi 2024 na kukamilishwa Juni. Hatifungani tatu za zamani, pamoja na riba iliyolimbikizwa, zimebadilishwa kuwa mbili mpya.

Moja ya hizo mpya ina kipengele cha kuangaliwa. Riba yake inaanza chini sana, asilimia 0.5, na malipo yake yanafika hadi 2053. Lakini mapato ya serikali na mauzo ya nje yakizidi makadirio, au IMF na Benki ya Dunia zikiona uwezo wa Zambia kubeba deni umeongezeka, riba inapanda na malipo yanawahishwa.

Yaani Zambia ikifanya vizuri, nao wanafaidika. Ikifanya vibaya zaidi ya ilivyotarajiwa, hakuna kipengele kinacholingana na hicho cha kumpunguzia mkopaji.

Nani kalipa gharama ya kusubiri?

Anza na bei. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 24.6 Julai 2021. Ulishuka baada ya uchaguzi, kisha ukaanza kupanda tena kadiri mgogoro ulivyovutwa.

Fuata sarafu. Mwanzoni mwa 2020 dola moja ilikuwa inapata kwacha 14 hivi. Miezi michache baada ya makubaliano ya Novemba 2023 kukataliwa, ilifika karibu 27. Zambia inaagiza mafuta na mbolea kwa dola, hivyo kwacha ikianguka, nauli na chakula vinafuata.

Benki kuu ikajibu kwa kupandisha riba yake, hadi asilimia 13.5 Mei 2024. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Lusaka au Ndola, maana yake ni mkopo ghali zaidi, au kukosa mkopo kabisa.

Ruzuku ya mafuta iliondolewa Desemba 2021, serikali ikijiandaa kwa programu ya IMF. Julai 2022 ilitangaza kufuta takriban dola bilioni 2 za mikopo iliyokuwa imesainiwa bila fedha zake kutolewa, ikiwemo ya miradi ya barabara.

Takwimu za serikali za mwaka 2022 zinaonyesha asilimia 60 ya Wazambia wanaishi chini ya mstari wa umaskini. Mwaka 2015 walikuwa asilimia 54.4. Deni si sababu pekee, ila limeondoa nafasi ya kufanya kitu kuhusu hali hiyo.

Haki yake serikali ipewe: hata katikati ya mgogoro ilifuta ada za shule na kuajiri walimu 30,000 mwaka 2022. Fedha zilizokuwa haziendi kwa wadai zilifanya kazi fulani.

Halafu mwaka 2024 mvua zikagoma. Februari 29 Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa, baada ya karibu nusu ya mahindi yaliyopandwa kuharibika. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Zambia ulikuwa unatokana na maji, kwa hiyo mgao wa umeme ukafuata. Nchi yenye akiba ingekopa kidogo na kuvuka. Zambia iliupokea ukame mikono ikiwa bado imefungwa na mazungumzo ya deni.

Wawekezaji nao wana hoja

Upande wa pili unastahili kusikilizwa. Fedha za mifuko hii ni pamoja na akiba za uzeeni za watu wa kawaida Ulaya na Marekani. Walikopesha kwa mkataba. Serikali iliyokopa haikuwa wazi kuhusu madeni mengine. Na hakuna aliyeilazimisha Zambia kukopa mara tatu.

Yote ni kweli. Lakini riba ya karibu asilimia 9 mwaka 2015 ilikuwa na maana yake. Mkopeshaji anayetoza kiasi hicho anajua kuna hatari ya kutolipwa, na ndiyo maana anatoza. Huwezi kulipwa kwa ajili ya hatari, halafu hatari ikitokea useme hukuitarajia.

Zambia pia ina kumbukumbu yake. Mwaka 1999 kampuni ya uwekezaji ya Donegal International ilinunua deni la zamani ambalo Zambia ilidaiwa na Romania kwa dola milioni 3.3 tu. Ikaenda mahakamani London kudai dola milioni 55. Mwaka 2007 ikapewa zaidi ya dola milioni 15.

Safari hii mchezo huo ni mgumu zaidi, kwa sababu mikataba ya hatifungani hizi inaruhusu kura ya wengi kumbana hata anayegoma. Ni hatua ya maana. Ila haizuii ucheleweshaji, na ucheleweshaji ndio uliouma zaidi.

Inawahusu vipi Dar na Nairobi?

Kwa Tanzania, Zambia ni mteja. Shaba na mizigo yake vinapita bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Tunduma, kwa malori na reli ya TAZARA. Mafuta yake yanasukumwa kutoka Dar hadi Ndola kwa bomba la TAZAMA. Lusaka ikikosa dola, anayesafirisha mzigo wa Zambia anasikia.

Kwa Kenya, funzo liko karibu zaidi. Nairobi ilikuwa na hatifungani ya dola bilioni 2 ya mwaka 2014 iliyoiva Juni 2024. Ili isifike ilikofika Zambia, Februari mwaka huo ilikopa upya dola bilioni 1.5 kwa gharama inayozidi asilimia 10, ikanunua sehemu kubwa ya deni la zamani.

Kenya imelipa kwa wakati. Lakini Juni hiyohiyo vijana walijaa mitaani kupinga muswada wa fedha na kodi zake mpya, hadi Rais William Ruto akaurudisha. Zambia ilisimamisha malipo na wananchi wakaumia. Kenya imelipa, na wananchi wakaulizwa fedha hiyo itatoka mifukoni mwao kiasi gani.

Ghana, iliyosimamisha malipo Desemba 2022, ilifikia makubaliano ya awali na wenye hatifungani zake Juni 2024. Ethiopia, iliyokosa kulipa riba ya dola milioni 33 Desemba 2023, wakati huo ilikuwa bado haijafika huko.

Kipi cha kufuatilia sasa?

Kwa Zambia, Juni 2024 bado kulikuwa na benki za biashara ambazo hazijamalizana na serikali. Pia kuna lile sharti la hatifungani mpya: siku uchumi ukichangamka, je, faida itaanza kwenda kwa mwananchi aliyesubiri au kwa mwekezaji aliyesubiri?

Kwa wengine wanaokopa, kazi iko mapema zaidi, siku ya kusaini. Deni lote likiwa wazi bungeni na kwa wananchi, la China na la London kwa pamoja, mkopeshaji anakosa kisingizio cha kusema hakujua. Uwazi huo unaweza kufanyika bila gharama kubwa. Kuukosa kuliigharimu Zambia miaka mitatu na nusu.